Kanga Mlangoni: Mwezi Wangu wa Huduma Sikonge

Niliondoka Dodoma kwa hasira. Wito sikuwa nao, na nalisema hili mapema ili mtu asije akanidhania mtakatifu. Kanisa langu lilikuwa limenitenga kwa kuzaa nje ya ndoa, na kwetu mtoto habatizwi mpaka mama yake arudishwe kundini. Binti yangu, Tumaini, alikuwa na miezi minane. Baba yake alikuwa akiimba besi kwaya kuu na kushiriki Meza ya Bwana kama kawaida. Alikuwa amekana mimba, yakaisha. Na baba yake huyo bwana ndiye Mzee Yona, mzee wa kanisa aliyenisimamisha mimi mbele ya watu.

"Nenda kambi ya huduma Sikonge, mwezi mzima," Mzee Yona aliniambia. "Ukirudi na taarifa nzuri, tutakufikiria."

Kunifikiria! Nikafunga mzigo.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi, watu saba, tukienda kusaidia kumalizia kanisa la kijijini na kufundisha watoto wakati wa likizo. Baada ya Manyoni na Itigi, ni msitu tu. Kiongozi wetu, Dada Rehema, alitueleza kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walipita pande hizi na pembe za ndovu mabegani, kwenda pwani. "Wakifika kwetu Ugogo, babu zetu wanawatoza hongo, ushuru wa kupita. Huna hongo, hunywi maji." Basi zima likacheka. Mimi nilikuwa nanyonyesha, sikuona cha kuchekesha.

Alasiri tuliingia Tabora, tukalala hosteli. Kesho yake gari la kukodi likatupeleka Sikonge na kuendelea mbele, vumbi mpaka kwenye meno, tukipishana na baiskeli zilizofungwa madumu ya asali.

Kijijini wanawake walitupokea kwa vigelegele. Mama mmoja wa miaka hamsini hivi akanijia moja kwa moja.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

Hakuitikia. "Kabila gani wewe?"

"Mgogo."

Akamchomoa Tumaini mgongoni kwangu, akamwinua juu watu wote wamwone. "Jamani, tumelipwa! Babu zao waliwanyima babu zetu maji. Leo nimechukua huyu, hatoki hapa! Na mama yake arudi kwao akale mlenda!"

Nikampiga kofi.

Mpaka leo nikikumbuka, naona aibu. Mama wa watu, mkubwa kuliko mama yangu, nimempiga kofi mbele ya kijiji kizima! Vigelegele vilikatika. Dada Rehema alishika kichwa. Yule mama akajishika shavu, akanitazama, halafu akacheka mpaka akakaa chini, mtoto bado mikononi.

"Lo! Huyu ana mkono! Huyu ni mtani wangu wa kweli."

"Wewe!" Dada Rehema alininong'oneza. "Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Mtani hakasirikiwi, hata akikuvua nguo!"

Utani niliujua wa darasani, wa kujibia mtihani. Sikujua kama unaweza kukufikia mikononi. Yule mama, Mama Kulwa, mjane ambaye mapacha wake wameshahamia Urambo, akatangaza adhabu: nitakaa kwake mwezi mzima na kumchotea maji, nikumbuke ya babu zangu.

Wiki ya kwanza nilichota maji kwa kununa. Mchana tulipiga lipu ukuta wa kanisa, yeye akinitukana na kunilisha asali kwa wakati mmoja. Kilichonishtua zaidi ni maombi yake. Hakufumba macho. Aliongea na Mungu huku mwiko wa lipu uko mkononi, kama anaongea na jirani wa ng'ambo ya ua.

"Bwana, Mgogo wako kanuna tena. Mwangalie mdomo ule."

"Mama, unaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo?"

"Sasa nimwambieje, nimwandikie barua?"

Tangu nitengwe nilikuwa siombi. Niliona Mungu naye yuko kwenye kile kikao cha wazee. Siku hiyo nikajaribu, nikiwa nimeshika ndoo ya udongo: Bwana, nimekasirika sana. Basi, hayo tu. Sikupigwa radi.

Wiki ya tatu nikamweleza Mama Kulwa yote. Aliacha kupiga lipu.

"Na babu yake hajawahi kumbeba?"

"Hata kumtazama."

"Huyo mzee naye ni Mgogo?"

"Mgogo."

"Atakuja kwenye ufunguzi?"

"Atakuja, kanisa letu ndilo lililotoa mabati."

Akaokota mwiko wake, akaendelea na kazi.

Jumapili ya ufunguzi, saa nne asubuhi, wageni walifika na suti zao. Mama Kulwa alikuwa ameshafunga kanga kukatisha mlango wa kanisa, yeye kasimama nyuma yake, Tumaini kambeba kiunoni.

"Mgogo hapiti bila hongo!"

Watu wakacheka. Mzee Yona naye akacheka, akaingiza mkono mfukoni.

"Toa mkono huko, mtani. Hongo yangu ni jibu moja. Mtoto huyu wa nani?"

Kicheko kikaisha. Mchungaji wa pale akakohoa. Mzee Yona alinitafuta kwa macho, akanipata, akayahamisha. Angemkasirikia mtani wake mbele ya watu wote? Tumaini akanyoosha mkono, akaikamata tai yake, akaanza kuitafuna.

"Ni mjukuu wangu," alisema, chini chini.

"Walioko nyuma hawajasikia!"

"Ni mjukuu wangu!"

Mtadhani nilifurahi. Nilitaka kumpiga kofi na yeye. Mama Kulwa akafungua kanga, akamkabidhi Mzee Yona mtoto. Mzee akaingia naye kanisani, amembeba vibaya, kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

Nilirudi Dodoma nikidhani maneno yale yatabaki Sikonge. Hayakubaki. Jumapili iliyofuata mwanawe Mzee Yona hakuonekana, alikuwa amekimbilia kwa mjomba wake Mpwapwa. Mzee Yona mwenyewe alienda mbele, akasimama palepale aliponisimamisha mimi. "Nilijua tangu mwanzo," alisema. Kanisa zima lilipigwa na butwaa, na mimi nikiwamo.

Mwanawe sijamsamehe, na Mungu nimeshamwambia hivyo kwa maneno hayohayo. Nilichojifunza ni kwamba anayasikia na bado ananitaka mezani pake. Nilirudishwa kundini, tukapanga ubatizo wa Tumaini, na nikamchagua Mama Kulwa awe mama yake wa ubatizo.

Alifika kwa basi na dumu la asali. Mimi nilimsubiri mlangoni pa kanisa, kanga nimeikatisha, macho makavu.

"Mnyamwezi, hapa ni Ugogo. Hongo!"

Akaweka dumu chini taratibu. Akanipiga kofi moja la shavu, waumini wote wakaguta.

"Hiyo hapo," alisema. "Nimetoka nayo Sikonge. Haya, nipishe, mtoto wangu anabatizwa."