Kopo Jekundu Tulilolipeleka Sanje

Niliondoka Ifakara kwa sababu niliitwa mwizi. Naendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kikundi cha akina mama wanaouza mchele na ndizi, na injini yake ilinoki, ikafa kabisa, Kiberege tukiwa na mzigo wa sokoni. Oili ilikuwa mpya, niliiweka mwenyewe siku chache tu kabla. Kwenye kikao, uani kwa mashine ya kukoboa mpunga, wakasema niliuza ile nzuri nikaweka oili chafu. Mbele za watu! Mimi Method, niliyekuwa nasikiliza injini ile kuliko ninavyomsikiliza mke wangu.

Aliyepaza sauti kuliko wote ni mweka hazina, Mama Anjela. Ndiye pia aliyenunua oili yenyewe, makopo mawili mekundu, katika duka la vipuri mtaa wa Viwanja Sitini. Kopo moja nililitumia. La pili lilikuwa nyumbani kwake, halijafunguliwa.

"Twende nalo kwa fundi asiyetujua mimi wala wewe," nikamwambia. "Likiwa zuri, nipelekeni polisi."

"Twende," akajibu. "Ila nalishika mimi."

Asubuhi tulipata lifti ya fuso tupu lililokuwa likifuata ndizi Sanje. Mama Anjela aliketi katikati, kopo mapajani, amelifunika khanga kama kichanga. Mimi nilikaa dirishani na chupa ya oili nyeusi niliyoikinga kutoka kwenye injini iliyokufa. Dereva alipoona tulivyonuna akatuuliza kama tunakwenda msibani.

Kiberege, mwanamume mmoja aliyekuwa akianika mpunga alinitambua. "Dereva, gari limefufuka, au oili umeiuza tena?" Akacheka. Mama Anjela akageuza uso. Habari ya wizi ilishanitangulia hata huko.

Tulipopita Mang'ula, milima ikawa imetusogelea upande wa kushoto, misitu yake imelowa ukungu. Siku nyingine ningetazama. Siku hiyo nilitazama kopo.

Sanje tulielekezwa gereji ya fundi Rehema, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya mashamba ya miwa kabla ya kufungua yake. Binti mmoja alitoka chini ya trekta akifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Alikagua mfuniko, kisha akamwachia Mama Anjela aufungue kwa mkono wake. Akaleta oili yake anayoiamini, ya uzito uleule. Akajaza chupa mbili za kioo, akaacha nafasi ndogo ya hewa, akazifunga na kuzipindua pamoja. Mapovu yalipanda karibu sawa.

"Umeona?" Mama Anjela akanigeukia. "Zinafanana!"

"Zikiwa baridi, mama," Rehema akasema. "Hapo ndipo matapeli wanapowapata watu."

Akazitumbukiza zote mbili kwenye maji ya moto, tukasubiri, akazipindua tena. Kwenye oili yake povu lilipanda taratibu. Kwenye yetu lilichomoka kama limefukuzwa.

"Injini ikipata moto, hii inakuwa nyepesi kama maji. Vyuma vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe."

Alidondosha tone la kila moja kwenye bati la moto. La kwake lilitoa moshi tu. Letu lilirukaruka na kutatarika: lilikuwa na maji. Halafu akadondosha kwenye karatasi nyeupe inayonyonya. Tone lake liliacha doa safi. Letu likaacha weusi katikati.

"Hayo ni masizi. Oili mpya haina masizi. Hii imeshatembea kwenye gari la mtu, ikachujwa, ikarudishwa koponi. Maabara ingewaambia mengi zaidi, lakini kwa hili sioni haja." Akazamisha sumaku kwenye chupa yangu nyeusi. Ilitoka imeota manyoya ya chuma. "Na hiyo ndiyo injini yenu."

Mama Anjela alikaa juu ya tairi. "Nimeiua injini mimi," akasema.

"Hujaiua wewe," nikamjibu kwa ukali. "Ila mimi uliniua."

Tuliporudi Ifakara hakupitia hata kwake. Alikwenda moja kwa moja dukani, akadondosha oili kwenye karatasi juu ya meza, wateja wakiangalia.

"Mama, yaishe," mwenye duka akanong'ona. "Chukua kopo jingine."

"Jingine nilipeleke wapi? Nikaue nini tena?"

Mwenye duka alifunga siku ile. Tulitoa taarifa panapohusika, tukaambiwa litashughulikiwa. Baada ya siku chache akafungua tena.

Akina mama walinifuata nyumbani kuniomba radhi kimyakimya. Nilikataa. Nilitukanwa uani, nisafishwe uani. Mama Anjela alisimama palepale penye mashine, akasema yote bila kujificha, machozi yakimtoka. Mwenzake mmoja akaguna: "Si tulikuwa hatujui?"

"Mlikuwa hamjui," nikasema, "na bado mlisema."

Gari limetengenezwa, nimerudi kwenye usukani. Nimejifunza kupima oili kabla haijaingia kwenye injini, na nimejifunza kwamba jina la mtu hakuna anayelipima kabla ya kulichafua. Akina mama nimewasamehe. Yule wa duka, hapana. Nikimwona mtu anatoka pale na kopo, nasimamisha gari, nashuka na kumweleza nilichokiona Sanje. Mwenye duka anapiga kelele mlangoni kwamba namharibia biashara.

Ndiyo. Namharibia.