Pegi Nane za Mama Mkwe

Nilipofungua duka la ushonaji hapa Umoja nilikuwa na vipawa viwili. Cha kwanza kilikuwa mkono. Suruali niliyoshona mimi ilimkaa mtu kama alizaliwa nayo. Cha pili kilikuwa mdomo. Mteja akiingia na kitambaa, kabla hajapata pa kukaa, nilikuwa nimeshamwahidi Jumamosi. Sare ya shule, Jumamosi. Gauni la harusi, Jumamosi. Hata aliyeleta zipu tu ya kubadilishwa, kazi ya dakika kumi, nilimwambia aje Jumamosi kwa sababu ulimi ulikuwa umezoea.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba iliyoongezewa vyumba mpaka ikakaribia kuvuka barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, benchi la wateja, na kona ya kujaribia nguo yenye pazia la maua. Mke wangu alishona vifungo, akapiga pasi, na kupokea lawama. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomchukulia muda mwingi.

Jumamosi benchi lilijaa kabla ya saa tatu.

"Fundi, suruali yangu?"

"Imebaki kupigwa pasi tu."

Suruali yenyewe ilikuwa bado kitambaa, na kitambaa bado kilikuwa ndani ya mfuko alioletea mwenyewe. Nilijua hivyo, na nafikiri naye alijua. Alipokataa kuondoka, nilihamia kwenye sababu: stima ilipotea, sindano ilivunjika, nilishikwa na homa. Tatizo ni kwamba uongo nao unataka kuandikwa mahali, na mimi sikuandika chochote. Mteja mmoja nilimwambia nina homa wiki tatu mfululizo, akaniletea karatasi yenye jina la daktari wake.

Mteja niliyemwogopa kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la hapa karibu. Alikuwa ameniachia kitambaa cha sketi. Alikuja mara ya kwanza, nikampa stima. Alikuja mara ya pili, nikampa homa. Alipokuja mara ya tatu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, na sababu zangu zote zikanikimbia. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, nisamehe. Tumefiwa. Mama mkwe wangu. Presha."

Uso wake ukabadilika hapo hapo. Akanipa pole, akanishika bega, akaondoka bila kutaja sketi. Nikaona nimepata wiki mbili, labda tatu. Mama mkwe alikuwa mbali huko magharibi, mzima kabisa, akilima viazi vitamu. Sikuona ubaya.

Siku sita baadaye, mama mkwe akashuka Nairobi kutibiwa goti.

Hapa inabidi nieleze jambo. Mimi kwetu ni upande wa kati, na mama mkwe tunamsalimia kwa mkono tu kama mama yeyote. Kwa kina mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wala hawalali chini ya paa moja. Siku ya kwanza kwenda kwao nilinyoosha mkono, naye akarudi nyuma, nami nikamfuata nikidhani hajauona, akazidi kurudi nyuma mpaka akakaa juu ya debe la maharagwe. Tangu siku hiyo tulizungumza kupitia mke wangu, hata kukiwa na mita moja tu kati yetu.

Kwa hiyo mama alifikia Njiru, kwa dada wa mke wangu. Lakini hospitali yake ilikuwa upande wetu, na baada ya kuonwa na daktari alipumzika dukani akingoja binti yake wa Njiru atoke kazini aje kumchukua. Akae wapi, na benchi linatazamana na cherehani yangu? Mke wangu akaweka kiti nyuma ya pazia la maua, kwenye kona ya kujaribia nguo. Mama akakaa humo na kitambaa chake cha kufuma, akiwa ametulia, nami nikaendelea na kazi nikiwa na adabu kuliko kawaida.

Mwenyekiti akaingia. Safari hii hakuja peke yake. Alikuja na akina mama saba, wamevaa leso, wamebeba unga, sukari na majani ya chai.

"Fundi," akasema, "tumekuja kuwapa pole kwa kumpoteza mama mkwe wako."

Mke wangu, aliyekuwa akipiga pasi, akainua kichwa. "Kumpoteza nani?"

Nilitafuta pa kwenda. Duka lina mlango mmoja, na mlangoni palikuwa na akina mama wanane. Mwenyekiti akaanza kusifu marehemu, mtu ambaye hakuwahi kumwona: jinsi alivyolea watoto vizuri, jinsi presha inavyotumalizia wazazi. Mmoja wao akaanzisha maombi. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, kavu na bila haraka:

"Muulize mume wako nilikufa lini."

Maombi yakakatika. Mama mmoja akaangusha unga. Mke wangu akanigeukia, pasi bado mkononi.

"Mama anauliza alikufa lini."

"Wiki jana," nikasema. Sijui kwa nini nilijibu. Nafikiri ni ile heshima.

"Anasema wiki jana, mama."

"Mwambie presha ninayo, lakini bado hatujafika huko."

Kisha pazia likafunguka, akatoka, mfupi, amejifunga kitambaa kichwani, anaegemea fimbo. Wawili kati ya wageni walikuwa tayari nje. Mwenyekiti alimkodolea macho, akanikodolea mimi, akajiweka kwenye benchi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka benchi likasogea. Wengine wakafuata, hata wale wawili wakarudi ndani. Ni mimi peke yangu niliyekuwa kama mfiwa.

Mama hakucheka. Aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja kwenye msiba wake. Akawarudishia unga na majani ya chai. Sukari akaizuia, akasema ni ya mshtuko. Halafu akamuuliza mwenyekiti alikuwa anadai nini hasa mpaka mtu auawe. Aliposikia ni sketi, akaketi.

"Mwambie mume wako aishone sasa. Tutangoja."

Nikaishona mbele ya akina mama wanane na mama mkwe. Sketi ilitoka safi. Mwenyekiti alipoondoka nayo, mama akaangalia saa yake.

"Muulize hiyo sketi imechukua muda gani."

"Saa moja hivi," nikasema.

"Mwambie imechukua saa tatu kasorobo. Na hapo hakuinuka, kwa sababu aliogopa."

Nilikuja kuelewa baadaye ni mtu wa namna gani aliyekuwa nyuma ya pazia langu. Mama mkwe alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni ya wasichana mpaka alipostaafu. Shule zilizoizunguka zilikula uji mtupu mwisho wa muhula, lakini kwake mchele ulifika siku ya mwisho na ukabaki wa walinzi. Mtu wa aina hiyo hawezi kuona duka linazama akatulia na kufuma.

Akaongeza siku za kuja. Juma zima alikaa na daftari la kurasa nyembamba, akiandika. Ijumaa akatoa taarifa, na mke wangu akawa mkalimani.

"Mama anasema wiki hii umetafuta makasi mara kumi na tisa."

"Si nyingi hivyo."

"Anasema mara nne yalikuwa mkononi mwako. Anasema umeenda kununua uzi mara saba, na mara tatu umerudi bila uzi lakini na njugu. Anasema ukikazana, ukiwa na stima, ukiwa na uzi, unaweza kumaliza nguo nane kwa wiki. Na wiki hii ulipokea ishirini na mbili."

Nilitaka kubisha. Nilihesabu nguo zilizokuwa zimemalizika kwenye rafu. Zilikuwa saba.

Jumatatu alikuja na kamba ya kuanikia nguo, vipande vya kadibodi, na pegi nane. Kamba akaamuru ifungwe ukutani. Kila nguo iandikwe kwenye kadibodi: ya nani, kitambaa gani, vifungo vingapi, uzi wa rangi gani, siku ya kuchukuliwa. Pegi moja, kadi moja. Makasi yakafungwa kamba kwenye meza kama mbuzi. Uzi wa wiki nzima ukanunuliwa Jumatatu asubuhi, baada ya kusoma kadi zote. Na Alhamisi isiwekewe kazi yoyote.

"Alhamisi nzima? Nifanye nini?"

"Mama anasema hiyo ni siku ya matatizo."

"Na yasipokuja?"

"Anasema hajawahi kuona wiki ambayo hayakuja."

Siku za kwanza nilikuwa kama mtu aliyenyimwa hewa. Mteja anaingia na kitambaa kizuri, nami natazama kamba, pegi zimeisha, na natakiwa kusema, "Nafasi ni wiki ijayo." Maneno manne tu, lakini niliyasema nikitazama sakafu. Wengine walisonya na kuvuka barabara kwenda kwa fundi wa upande wa pili, jirani yangu, aliyekuwa anapokea kila kitu na kunipungia mkono kwa furaha.

Wiki ya pili nikaanguka. Mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kiamaiko alitaka suti ya kupelekea posa, kwa siku tatu. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mteja wa maana. Pegi zilikuwa zimejaa. Nilingoja mke wangu aende sokoni, nikakimbilia kibanda cha vyombo, nikanunua pegi ya tisa.

Mama alipokuja aliitazama kamba kwa muda mrefu.

"Mwambie mume wako mimi nilinunua pegi za mbao. Hii ya kijani imezaliwa lini?"

Ilibidi nimpigie yule bwana simu, mama akisikiliza. Nikamwambia ukweli: suti nzuri ni baada ya wiki mbili. Kabla hajajibu nilisikia mbuzi wake wakilia upande ule.

"Fundi," akasema mwishowe, "huko nyuma mafundi wameniaibisha mara mbili. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mapema. Wacha nisukume hiyo safari. Wakwe hawahami."

Alichukua suti siku tuliyokubaliana, akatuachia ubavu mzima wa mbuzi, na kuanzia hapo akawa anatuletea wateja, nusu ya Kiamaiko.

Kisha ikaja kazi ya kwaya, na ni mwenyekiti aliyeileta. Majoho ishirini na manne, wiki tatu. Zamani ningesema Jumamosi. Safari hii tulikaa, mimi nje ya pazia, mama ndani, mke wangu katikati, tukapanga: wiki ya kwanza kukata yote, ya pili mikono na kola, ya tatu kuunganisha. Tukakosana kwa jambo moja tu. Mama alisema hakuna haja ya kupima watu ishirini na wanne. Tushone saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, kama sare za shule yake.

"Mwambie mama kwaya si kidato cha pili," nikasema. "Kuna watu wa besi."

Mama akasema amevisha wasichana maisha yake yote. Nikakata saizi tatu. Mkwe ni mkwe.

Wiki ya tatu, Jumanne, stima ikapotea kutwa. Jumatano ikarudi, na wanakwaya wakaja kujaribu. Sauti za juu zilivaa bila shida. Akaingia wa kwanza wa besi, akapitisha kichwa, akapitisha mkono mmoja, joho likamkamata mabegani. Halikupanda wala kushuka. Tulimvuta watu watatu, naye akitoa sauti ambayo kwaya yoyote ingeitamani. Nyuma yake walikuwa wengine watano wa umbo lile lile.

Tulipobaki wenyewe, nilisikia fimbo ikigonga sakafu nyuma ya pazia.

"Mwambie mume wako hapo nilikosea," mama akasema. Kisha, baada ya kidogo: "Muulize kesho ni siku gani."

Kesho ilikuwa Alhamisi. Nilifumua majoho sita, nikaongeza vipande mbavuni, nikamalizia na kazi ya Jumanne iliyolala. Ijumaa mchana majoho ishirini na manne yalikuwa yamekunjwa. Jumamosi hiyo nilikaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, nikiwa na wasiwasi kama mtu aliyesahau mtoto mahali. Hakuna aliyekuja kugomba. Saa sita mke wangu akanifukuza nikalale.

Goti la mama lilipopata nafuu alirudi kwake. Kila Ijumaa alimpigia binti yake simu, wakazungumza mambo ya nyumbani, kisha nikasikia, "Ndiyo mama, nane. Za mbao."

Yule fundi wa ng'ambo ya barabara hakudumu. Alipokea wote niliowarudisha, akawaahidi wote, na mwaka haukuisha kabla hajafunga mlango na kutoroka kwao na vitambaa vya watu. Alirudi miezi kadhaa baadaye, amekonda, akalipa alichoweza, akaja kusimama mlangoni kwangu, akaomba kazi. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu kwenye makoti, na mimi nilikuwa nimemjua siku nyingi. Nikampa cherehani ya pili. Tukaongeza pegi saba, baada ya kuipima kazi yake kwa saa juma zima, jambo lililomuudhi sana.

Tunaelewana karibu kila siku. Alhamisi ndiyo inayotugombanisha. Hawezi kukaa. Anazunguka duka, anafungua mlango, anaangalia barabarani, ananiambia tunapoteza riziki, kwamba yule mama wa pale ana kitambaa mkononi na anatafuta fundi.

"Akija, mwambie Jumatatu," namwambia.

"Jumatatu! Fundi, wewe umelogwa."

Nampa zipu ya kubadilisha ashughulishe mikono, anakaa.