Niliosha Kombe la Zubeda

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, au kumi, maana hakuna aliyeiandika siku niliyozaliwa, baba alitutoa kwenye kambi ya shamba la mkonge huko Muheza akatuleta Pangani, na mimi Pangani sikuipenda. Nalisema hili wazi kwa sababu nimezeekea hapa hapa, na watu hudhani mtu akizeekea mahali basi alipapenda tangu alipotua mzigo.

Kambini mambo yote yalikwenda kwa kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya posho, kengele ya kurudi. Hukuhitaji kujua kitu, kengele ilijua kwa niaba yako. Pangani hakukuwa na kengele, kulikuwa na miiko. Na ubaya wa miiko ya Pangani ni kwamba hawakuambii. Wanakungoja uivunje.

Baba alipata kazi kwenye pantoni, kufunga kamba na kushusha ule mlango wa chuma magari yapite. Tukapanga chumba kwa Bi Mwanahamisi, mjane mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ile sauti ya chini ilinitisha kuliko makelele ya manyapara wote wa kambini. Sisi tulikuwa Walutheri, mama Mshambaa wa milimani. Yeye Mwislamu, wa watu wa mji. Kwa dini hatukugombana hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani alituletea futari, na mama akipata viazi kutoka kwao alimpelekea. Tuligombana kwa kinu.

Siku ya pili tu tangu tufike nilikaa juu ya kinu chake uani, namenya muhogo. Akatoka, akanitazama.

"Wewe mtoto, mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi. Yumo ndani."

"Basi ondoka juu ya kinu azidi kuwa hai."

Nani alikuwa ameniambia? Kambini tulikalia vinu, tulikalia ndoo, tulikalia chochote. Kesho yake nikafagia chumba wakati wa magharibi, nikaambiwa nafukuza baraka. Nikapiga mluzi, nikaulizwa ni nyoka gani ninayemwita. Mama akanituma nikaombe kaa la moto, nikaingia nikasema, "Mama anaomba moto." Bi Mwanahamisi hakunigeukia.

"Toka. Rudi mlangoni, piga hodi. Ukikaribishwa uniamkie, uulize nimeamkaje, wa nyumbani wameamkaje. Kisha ndiyo useme kilichokuleta."

Nikatoka, nikapiga hodi, nikatoa shikamoo, nikauliza hali ya kila aliye hai katika nyumba ile, na nilipomfikishia mama lile kaa lilikuwa limeshakuwa jivu. Mama akanirudisha. Nikaanza tena na hodi.

Nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilitaka kupatia jambo moja tu, moja, Bi Mwanahamisi anitazame aone kwamba na mimi ni mtoto wa watu. Hapo ndipo ilipokuja siku ya Zubeda.

Zubeda alikuwa binti yake. Aliolewa Mkwaja, na kwa kuwa ilikuwa mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi. Uchungu ulimshika usiku, na kulipokucha nilisikia mkunga, Bi Saumu, akizungumza mle ndani kwa sauti ya mtu anayebembeleza mlango uliokwama. Mama alikuwa ameitwa kusaidia kuchemsha maji. Baba keshakwenda kazini. Bi Mwanahamisi alitoka, akarudi, akatoka tena. Mara akaniona nimekaa kizingitini, napo pia hapakaliwi, lakini siku hiyo hakusema.

"Eliza," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina. "Wanawake watakuja kunipa moyo, na nyumba imechafuka. Osha vyombo. Vyote."

Vyote. Alisema vyote. Nitalirudia neno hilo mpaka niingie kaburini.

Nikaona siku yangu imefika. Nilikusanya masufuria, vikombe, upawa, kawa. Nikapita ukumbini kuangalia kama nimesahau kitu, nikaona juu ya meza ndogo sahani moja nyeupe, imeenea mistari ya rangi ya manjano iliyoiva, imekauka. Nikajua ni mchuzi. Sikuwa nimekwenda shule, sikujua herufi za watu wowote. Niliinusa, ikanukia waridi. Nikasema moyoni, hawa watu wa mjini, hata mchuzi wao unanukia marashi.

Niliisugua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka ikaniumiza macho kwa weupe. Maji nikayamwaga karoni. Sahani nikaisimamisha mbele ya vyombo vyote, mahali ambapo Bi Mwanahamisi hangekosa kuiona.

Hakukosa. Alikuja anauliza, "Sahani ya mezani kaichukua nani?"

"Mimi, Bibi. Hii hapa, imetakata."

Niliyangoja maneno mazuri. Nakumbuka mpaka leo jinsi nilivyosimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri kupewa kashata.

Sasa, kwa asiyejua: kombe ni aya za Kurani ambazo mwalimu huziandika kwenye sahani kwa wino wa zafarani. Wino ukikauka, huoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akayanywa yale maji. Kwa mwanamke aliyezidiwa na uchungu, wazee wa hapa hawakuwa na tegemeo kubwa kuliko hilo. Mwalimu Omari alikuwa ameliandika alfajiri. Bi Saumu alisema lisubiri kidogo, mtoto hajashuka vizuri. Basi liliwekwa pale mezani, linasubiri.

Bi Mwanahamisi alikaa chini, palepale kwenye matope ya uani.

"Maji umeyamwaga wapi?"

"Karoni."

Alifumba macho. Bi Saumu akachungulia mlangoni, mikono juu, akasema, "Mwanahamisi, leteni hilo kombe sasa." Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akaelewa. "Basi akaandike jingine. Upesi."

"Mwalimu kavuka," Bi Mwanahamisi akasema. "Yuko Bweni, mazikoni."

Bweni ni ng'ambo ya mto. Kisha akanigeukia, na ile sauti ya chini ikawa chini zaidi. "Nenda kwa baba yako. Mwambie amlete Mwalimu. Na mwanangu akinifia, asubuhi nisiwaone humu ndani."

Nilikimbia. Hilo la kufukuzwa halikuwa limeniingia bado. Lililonichoma ni kwamba alisema vyote.

Pantoni lilikuwa upande wetu, limezimwa. Maji yalikuwa yamekupwa na nahodha alisema halisogei mpaka yajae. Baba alinisikiliza, akamwendea nahodha, akaomba. Nahodha, mtu mpole tu, akasema, "Bwana wee, hata angekuwa mke wangu, chuma hiki hakipiti juu ya mchanga." Baba akasimama akitazama ng'ambo. Nilimjua baba yangu: alikuwa manamba, mtu wa kukata mkonge miaka kumi na miwili, hajui kuogelea, hata kwenye pantoni lenyewe alikuwa akitembea katikati. Akaazima mtumbwi wa mtu, akaingia.

Hakujua kushika kafi. Mtumbwi ukazunguka, ukamrudisha, ukazunguka tena. Wachukuzi na wauza samaki wakasimama kutazama.

"Manamba, hilo si panga! Usiikate bahari!"

"Mwacheni, anautafutia mtumbwi kibla!"

"Baba Eliza, ukifika Unguja tusalimie!"

Walicheka, na mimi nikawachukia mmoja mmoja kwa uso wake. Lakini sharti niseme na hili: mmoja wa waliokuwa wakicheka alivua shati, akaingia majini mpaka kifuani, akaukamata mtumbwi, akapanda, akamnyang'anya baba kafi. Bado alikuwa akicheka. Wakavuka wote wawili.

Sijui walikaa muda gani. Maiti haiachwi nusu, Mwalimu alimaliza kwanza kuzika. Walipoonekana wanarudi jua lilikuwa limeshapinda kwenda alasiri. Tukaandamana mbio mbio, Mwalimu ameshika kanzu juu, mfukoni ana kichupa cha wino. Tulipoingia uani tukakuta wanawake wamejaa na mama yangu amekaa juu ya jiwe, mikono imelegea, uso umelowa.

"Wa kiume," akasema. "Alikawia kulia, lakini kalia."

Zubeda alikuwa mzima. Amechoka kama nguo iliyokamuliwa, lakini mzima.

Mwalimu Omari akauliza ni nani aliyeosha sahani, wakanisukuma mbele. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniwekea mkono kichwani.

"Huyu hakujua," akawaambia. "Na Mwenye maneno hakuihitaji sahani yangu."

Mtu angedhani hapo yamekwisha. Mwalimu kasema, mtoto kalia, mama mzima. Hayakwisha. Hatukufukuzwa, lakini Athumani, hilo ndilo jina alilopewa yule mtoto, alipochelewa kutembea walisema ni lile kombe. Alipoanguka mnazini akavunjika mkono, ni kombe. Chuoni alipokuwa mzito wa kuhifadhi Kurani, ni kombe, maana aya zake, walisema, zilikwenda karoni. Na mimi nilikuwepo kila waliposema, napita na ndoo yangu. Nikimkumbusha Bi Mwanahamisi kwamba yeye ndiye aliyesema vyote, alijibu bila kuinua kichwa, "Nilisema vya jikoni."

Mama aliniambia usiku ule ule, "Nenda kamtake radhi."

"Nimekosa nini? Alisema vyote."

"Radhi haitakwi na mkosaji tu, mwanangu. Nenda."

Sikwenda. Wala kesho yake, wala baada ya mwezi, wala nilipoolewa, ingawa yeye ndiye aliyenifunga ushungi siku hiyo na kunifukiza udi mpaka nikakohoa, mimi bibi harusi wa kanisani. Tuliishi mlango kwa mlango. Alinifundisha kupika samaki wa nazi, kusuka ukili wa mikeka, kuamkia watu mpaka nikawa nawachosha wenyewe. Na kila ilipopita miezi miwili mitatu, mmoja wetu angelichokoza lile jambo. Vyote. Vya jikoni. Vyote.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wanne Zubeda aliponiambia. Tulikuwa tunasuka ukili barazani, sisi wawili, na mimi nilikuwa nalalamika kwamba mama yake kanisema tena mbele ya wageni. Zubeda akaendelea kusuka.

"Eliza, wewe huna habari ya dada yangu Mwanaidi?"

Sikuwa na habari ya Mwanaidi yeyote.

"Alifia chumba kile kile. Masika mawili kabla hamjaja. Mimba ya kwanza, kama mimi. Mama alitaka kombe, wajomba wakamwambia subiri kupambazuke, usimsumbue Mwalimu. Kulipopambazuka wote wawili hawako, Mwanaidi na mtoto. Zamu yangu mama hakungoja mtu. Alikwenda mwenyewe, giza, miguu mitupu, akamgongea Mwalimu dirisha. Akaileta sahani ameishika hivi." Akaweka ukili chini akanionyesha, viganja viwili, kama mtu aliyebeba maji.

Unadhani nilifanya nini? Nilikasirika. Nilimuuliza Zubeda kwa nini nimeishi humu miaka yote hiyo, nimekula humu, nimeolewa humu, na hakuna aliyenitajia kwamba Mwanaidi alikuwako duniani. Zubeda akashangaa kweli kweli. "Tulidhani wajua. Kila mtu anajua." Huo ndio mji wetu. Hata maiti wao ni mwiko ambao lazima uukanyage kwanza.

Siku hizi wanawake wetu wakishikwa na uchungu wanakwenda hospitali kwa bajaji, wengine na kombe lao ndani ya chupa ya maji mkobani, na wauguzi hawaulizi. Athumani ni mzee mwenye mvi, ana wajukuu. Akinipita barazani husimama. "Shikamoo Bi Eliza. Ungeniachia aya zangu leo ningekuwa waziri." Namjibu marahaba, namwambia hata ungekunywa pipa zima usingekuwa waziri, uvivu huo hauna kombe. Tunacheka. Hasira yangu kwa Pangani imekuwa ya namna hiyo, ya kuchezea.

Lakini iko nyingine ambayo si ya kuchezea. Baada ya siku ile ya ukili, Bi Mwanahamisi aliishi miaka mingi, masika baada ya masika. Nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nikimpelekea uji, nikimkanda miguu, na nafasi ilikuwapo kila siku ya kumwambia neno moja: pole, Bibi, kwa Mwanaidi. Haikuwa radhi, maana kosa sikufanya na hilo silibadilishi. Ni pole tu, ambayo hapa hupewa hata mtu aliyejikwaa njiani. Kila nilipofungua mdomo niliogopa atadhani nimekubali, atadhani nasema vya jikoni. Basi nikanyamaza, nikaishikilia haki yangu. Nilikuwa nayo kamili mkononi siku tulipomtoa kwenda kumzika, na sikuwa na wa kumpa.