Kikopo cha Kifuani

Somo wangu alinifundisha mwili wangu wote. Siku za kabla ya harusi alinifungia chumbani, akanieleza kizazi kinakaa wapi, damu ya mwezi inatoka wapi na kwa nini, na siku zipi yai hupevuka. Alikuwa hodari, Mungu amzidishie. Mwili wa mwanamume hakuugusa kabisa. Kwake mwanamume alikuwa mzima kwa kuzaliwa, kama jogoo.

Kwa hiyo miaka ilipopita bila mtoto, sote tulijua pa kutafuta kasoro: tumboni mwangu. Mama mkwe alinipeleka Kizimkazi kwa mkandaji, bibi mwenye vidole vya chuma, aliyesema kizazi changu kimeshuka na lazima kipandishwe. Kila damu ikikauka tulirudi, nikakandwa chini ya kitovu huku nimeng'ata ncha ya kanga. Mama mkwe alikaa pembeni akiniambia subira huvuta heri. Sikuwa na chuki naye, maana alinipenda kweli. Lakini safari ya mwisho, njiani kurudi, aliniambia kwa upole kwamba Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, atamuozesha mwanawe mtoto wa binamu yake.

"Wewe hutoki, mwanangu. Utabaki mke mkubwa."

Mke mkubwa, na mimi sijatimiza thelathini! Nilifika kwetu Jang'ombe nikajitupa kitandani.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari, mwanamke mnene asiye na mchezo, alinipima akaniona sina kasoro. "Na mumeo?" akauliza. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilimbembeleza mume wangu mpaka akaja. Daktari akatuchorea nyuma ya bahasha: korodani mbili, zimening'inia nje kwa sababu zinataka ubaridi kuliko sehemu nyingine za mwili, na mrija mwembamba unaopitisha mbegu. Akatupa kikopo mume wangu azitie nyumbani, zikapimwe. Zikishatoka mambo hugeuka, zinataka joto la mwili, na zifike maabara kabla saa haijesha. Mume wangu, fundi wa injini za boti, aliutazama ule mchoro kama anaoneshwa ramani ya nchi ya watu.

Alikubali kwa masharti. Kwanza alimuuliza sheikh wake, akajibiwa kuwa kwa tiba inafaa, mradi mke awepo. Pili, nipeleke mimi, kwa kuwa yeye na kijana wa maabara walisoma chuo kimoja, na Unguja ni ndogo. Tatu, mama yake asijue. Nikaapa.

Asubuhi hiyo nilikitia kikopo kifuani, ndani ya nguo, baibui juu yake, nikapanda bodaboda. Nilishuka Darajani nikate vichochoro kwa miguu mpaka maabara, Mkunazini. Mbele ya wauza samaki nikasikia, "Mwanangu!"

"Naam," nikajibu, nikageuka. Alikuwa mama mkwe na kikapu chake. Huku kwetu mtu hampiti mkwewe kwa salamu ya juujuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wendapi mbio hivyo? Nyumbani hawajambo? Mwanangu keshakula?"

"Keshakula, mama. Nnakwenda hapo tu, ntarudi."

Akautazama mkono wangu uliokandamiza kifua. Uso ukambadilika.

"Una nini hapo?"

"Si kitu, mama."

"Umetoka kwa mganga gani? Wataka kumfunga mwanangu asioe?"

Wauza samaki waligeuka kutusikiliza. Nilikuwa nimeapa nisiseme. Lakini nilimjua mume wangu: zile zikiharibika hatakubali mara ya pili, na Mfungo Mosi harusi itapigwa. Nikamsogelea sikioni.

"Ni mbegu za mwanao, mama. Nazipeleka kupimwa. Zikipoa zinakufa."

Mama mkwe akamkabidhi kikapu muuza samaki, akanishika kiwiko. "Twende." Alitangulia vichochoroni, yule mwanamke ambaye kwa kawaida kutoka Darajani mpaka Mkunazini humchukua asubuhi nzima kwa kuamkiana, na kila aliyefungua mdomo alimwambia, "Salamu baadaye, tuna mgonjwa!" Tulifika nikihema, kikopo bado kina joto.

Siku ya majibu tulikwenda watatu. Mume wangu hakunilaumu kwa kuvunja kiapo. Daktari alitueleza kuwa mbegu ni chache na zimechoka. Tena alimpima mume wangu akakuta juu ya korodani mishipa iliyovimba, inazitia joto. Kuna upasuaji, unaweza kusaidia, unaweza usisaidie. Mume wangu aliinamisha kichwa, nikamuonea huruma mpaka nikasahau yangu.

Mama mkwe akatoka nje ya chumba bila kuaga. Nikajua amekwenda kumlilia mwanawe. Nilipomfuata nilimkuta ukumbini na simu sikioni, anazungumza na binamu yake wa Amani.

"Harusi haipo," alikuwa akisema. "Hapana, hatujagombana."

Binamu alisema maneno marefu. Nilisimama nikasubiri. Akimtaja mwanawe, mji mzima utajua kabla ya adhuhuri. Asipomtaja, itabaki ile ile inayojulikana na kila mtu, kwamba tasa ni mimi.

"Mkwe wangu mzima, mwenzangu, nshamuona kwa macho yangu. Usimtie ulimini," akasema. "Kasoro ni ya kwangu mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."