Lango la Wanaojulikana

Sheria ile niliitunga mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kamati hupenda kusema "tuliamua", nami sitaki mtu anibebee mzigo wangu.

Mwaka uliotangulia, tamasha la muziki la mitaa yetu liliharibika. Wasichana walishikwashikwa mbele ya jukwaa, simu zikaibwa, watu wakakanyagana wakitoka. Nikasimama kwenye mkutano katika ukumbi wa Kaloleni nikafoka mpaka sauti ikakwama: kama binti hawezi kucheza kwa amani, basi tuzime spika twende nyumbani. Wakanipa kazi ya kusimamia lango. Ndiyo malipo ya mwenye mdomo.

Walinzi wa kukodi hawakutosha, ila macho tulikuwa nayo. Kwa hiyo tukaweka malango mawili. La kwanza lilikuwa la wanaojulikana: ukifika, mtu yeyote kwenye foleni akisema "huyu ni wetu", unapita. Asiyejulikana alikwenda lango la pili, kwenye hema, akapekuliwa na kuonyesha kitambulisho. Mimi nikaongeza la kwangu: msimamizi wa lango asimdhamini mtu. Mwaka ule mbaya wasimamizi ndio walioingiza binamu zao na chupa zao. Hata asubuhi ya tamasha nilimkaripia mwenzangu wa lango, mfanyakazi wa kiwandani kutoka Ziwani, mbele za watu, kwa kumpitisha shemeji yake.

"Siste, umekaza sana," akasema. "Lakini sawa, tutaona."

Mimi na jirani yangu tulikuwa tumetenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka kumi na minane. Wazazi wake walikuja Nairobi wakikimbia vita. Yeye alizaliwa hapa hapa, na anauza vitambaa sokoni Jericho. Mama yangu alipolala kitandani miezi yake ya mwisho, ni yeye aliyemgeuza na kumwosha nilipokuwa kazini. Binti yake alikuwa amechaguliwa kuimba wimbo aliotunga mwenyewe, na jirani yangu hakutaka. Alikuwa amesikia ya mwaka uliopita. Nilimwendea jioni tatu mfululizo, nikala sambusa zake, nikamwambia, "Mwache mtoto aimbe, nawe uje umwone. Mlangoni nitakuwa mimi."

Siku ya tamasha alifika saa tisa alasiri, amevaa dera jipya la kijani. Binti alikuwa ndani tangu asubuhi pamoja na waimbaji wengine, na majirani wa ploti yetu walikuwa wameshapita. Waliobaki kwenye foleni walikuwa wa mitaa mingine.

"Huyu mathe ni nani anamjua?" mwenzangu akauliza.

Watu waliutazama mtandio wake, kisha wakatazama pembeni. Jirani yangu akacheka, akaninyooshea kidole.

"Si huyu hapa? Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Yule wa Ziwani akakunja mikono, akasubiri. Yalihitajika maneno matatu tu. Lakini nilikuwa nimeonja utamu wa kuitwa mtu asiyependelea, na niliogopa kuchekwa.

"Mimi siruhusiwi," nikasema. "Pitia pale kwenye hema, dada. Ni dakika tu."

"Si ulisema utakuwa mlangoni?"

"Sheria ni ya wote."

Akageuka, akaenda. Kule kwenye hema wakamtaka kitambulisho, naye alikuwa amekiacha nyumbani. Nani hubeba kitambulisho kwenda uwanja anaouona kutoka dirishani kwake? Wakamrudisha. Nilimwona akivuka barabara mbiombio, ameshika pindo la dera, na hapo hapo mshereheshaji akamwita binti yake jukwaani.

Wimbo ulikuwa wa mama anayefungua kibanda chake alfajiri. Niliusikia wote, kila ubeti, nikiwa nimesimama pale langoni. Jirani yangu aliporudi na kitambulisho mkononi, watu walikuwa wanapiga makofi.

Jua lilipoanza kushuka, mwenyekiti alinishukuru hadharani. Hakuna simu iliyopotea, akasema, hakuna msichana aliyesumbuliwa, na kila mtu amekaribishwa. Nami nikapiga makofi pamoja nao, mjinga mimi, huku moyo ukiniuma kama jino bovu.

Tulikuwa tukikunja hema, na jirani yangu amesimama kando akimngoja mtoto wake. Binti akaja mbio, sauti imekauka kwa furaha.

"Mama, uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu."

"Nilijua tu! Niliona dera la kijani pale mbele, nikakupungia mkono." Kisha akanigeukia. "Anti, si wewe ndiye ulimwingiza?"

Mama yake akanitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alikuwa ananiomba.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpitisha mapema, akapata nafasi nzuri."

Miaka yote ile tulipeana unga, maji na zamu za kukaa na mgonjwa, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake asante, kwa sababu sisi tulijihesabu ndugu. Jioni ile jirani yangu alinipa mkono.

"Asante sana, dada," akasema. "Asante kwa kutukaribisha."