Siku Mzee Sanga na Mwalimu Daudi Walipokutana Makambako

Bora niisimulie mwenyewe, maana nimeshaisikia kwa watu wengine watatu na kila mmoja ameongeza chumvi yake, mmoja hadi amesema nililia (sikulia, macho yalikuwa na vumbi, na Makambako vumbi lipo, mtakubali). Aibu niliipata, hilo sikatai. Niliipata mchana kweupe, mbele ya madereva wa malori na akina mama wauza ndizi, na hakuna aliyenisukuma.

Mimi ni Ezekia, nina kitalu cha miche ya parachichi pale mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, na Jumapili mimi ndiye mnadi wa usharika wetu. Kwa asiyejua, waumini wasio na hela ya sadaka huleta jogoo, mayai, mahindi, boga, na ibada ikiisha tunavinadi nje ya kanisa, mwenye bei ya juu anachukua. Sijisifu, lakini jogoo wa elfu ishirini mimi namfikisha arobaini, na mnunuzi anaondoka anacheka. Kwa hiyo nilijiona mtu ninayejua bei. Kumbukeni hapo ndipo palipo na ugonjwa.

Mwaka ule tuliuza miti yetu ya mbao, mimi na mke wangu Neema, miti tuliyoipanda mwaka tuliooana. Tukapata milioni ishirini. Mimi nilikuwa nahitaji gari, gari dogo lakini la juu, maana wateja wangu wa miche wako Mdandu na vijiji vya ndani kule ambako mvua ikinyesha gari la chini linakaa kwenye tope kama kuku anayeatamia. Neema naye, muuguzi msaidizi kwenye zahanati, alikuwa amepata barua ya chuo, akasome diploma. Tukakubaliana mezani, kwa amani kabisa: gari lisizidi milioni kumi na saba, zinazobaki tatu ni ada yake. Akaniuliza, "Baba Tumaini, utaweza kulipata kwa hiyo?" Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi, asimwambie mtu yeyote, hasa wa kanisani, kwa sababu watu wakijua una hela bei inapanda yenyewe. Akanitazama kidogo, akasema sawa.

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza ni huu: niliamua kutotumia jina langu. Nikajiambia, dalali wa kwanza nitamwendea kama tajiri, kwa sababu mwenye hela taslimu hupunguziwa, na dalali wa pili nitamwendea kama maskini, kwa sababu mtu wa mshahara huonewa huruma, halafu nitaona njia ipi inashusha bei zaidi. (Msinicheke bado, mbele kuna pa kuchekea.) Kwa Kasimu, dalali wa Makambako, nikawa Mzee Sanga, mfanyabiashara wa mbao, nilichukua jina la Wakinga, watu wanaosifika kwa biashara, makusudi, maana huku kwetu ukijiita Sanga hakuna anayeuliza kama biashara unaijua. Kwa Bonny, dalali wa hapa Njombe, nikawa Mwalimu Daudi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa mikopo na watoto wengi. Simu yangu ni moja ila ina laini mbili, kila jina likapata laini yake.

Kasimu akanitumia picha ya gari, imepigwa kwa mbele asubuhi na mapema, bei milioni kumi na tisa. Bonny akanitumia picha ya gari, imepigwa kwa nyuma jua la saa saba, bei milioni kumi na tisa na laki mbili. Namba hazionekani, zimezibwa, na hilo ni jambo la kawaida, dalali huziba namba ili usije ukamtafuta mwenye gari ukamruka yeye. Mimi nikatoa daftari, nikapiga mstari katikati, upande mmoja nikaandika "la kijivu", upande mwingine nikaandika "la fedha", nikaanza kulinganisha kama mtu mwenye akili. La kijivu ni rahisi kwa laki mbili, lakini la fedha linaonekana limetunzwa vizuri zaidi. Nilikaa na daftari lile jioni mbili.

Nikaanza na kumi na sita kwa wote wawili. Kesho yake Kasimu akapiga: "Mzee Sanga, harakisha, kuna mteja mwingine analipigania, yuko na hela mkononi." Nikacheka moyoni, mteja mwingine ndiye wimbo wa madalali wote. Lakini nikaongeza nusu, ili nilishike lile la kijivu wakati nikiendelea kufikiri. Jioni Bonny naye akapiga: "Mwalimu, pole, kuna mzee mmoja tajiri kapanda mpaka kumi na sita na nusu, unasemaje?" Roho ikaniuma. Matajiri ndivyo walivyo, mwalimu wa watu ametafuta kigari chake, mzee mwenye mbao zake anamwingilia! Nikasema kumi na saba, na ningeishia hapo ningekuwa mtu. Asubuhi Kasimu: "Mzee, yule mtu ni mbishi, sijui hela anatoa wapi." Nikapanda. Bonny akapiga, nikapanda. Ilikwenda hivyo siku nne, na mimi ambaye nje ya kanisa huwasoma watu usoni nikajua huyu ataongeza, sikujisoma mwenyewe hata kidogo. Nilishavuka kumi na saba, nikajiambia nitaziba hilo pengo kwa kuuza miche. Nikavuka kumi na nane, nikajiambia nimeshafika mbali kurudi ni hasara. Ijumaa Mzee Sanga alikuwa amefika kumi na tisa na nusu, juu ya bei ya mwanzo kabisa, na kila dalali nilikuwa nimemwahidi laki mbili akinifanikishia. Mwalimu Daudi alikuwa nyuma kidogo, anapumua.

Kasimu akaniambia njoo Jumamosi saa nne asubuhi, yadi ya Bwana Sefu, Makambako, wateja wote wawili wanaitwa, mwenye hela anachukua. Baada ya dakika kumi Bonny akaniambia Mwalimu, Jumamosi saa nne, Makambako, nitakupokea stendi nikupeleke. Jamani, hata hapo sikushtuka! Nilichowaza ni kwamba imekuwa rahisi, magari yote mawili yako mji mmoja, nitamaliza na la kijivu kisha nitamwambia Bonny basi. Nikavaa koti na kofia ya pama kwa ajili ya Mzee Sanga. Bonny nikamwambia asinisubiri stendi, nitampigia nikifika.

Yadi ya Bwana Sefu iko pembeni ya maegesho ya malori. Mwenyewe ni mtu wa Kondoa, mtaratibu, amekaa kwenye benchi na kikombe cha kahawa. Kasimu akanipokea kwa heshima zote, "Karibu Mzee Sanga, karibu bosi," akanizungusha kwenye gari, nikapiga teke matairi (sijui kwa nini tunapiga teke matairi, lakini bila hivyo unaonekana hujui), nikafungua boneti nikatikisa kichwa kama nimeona kitu. Nikazunguka nyuma. Pale nyuma, karibu na taa ya kushoto, palikuwa na mkwaruzo kama ndoana. Mkwaruzo ule niliujua. Nilikuwa nimeuandika kwenye daftari, upande wa la fedha.

Nikaenda mbele, kivulini, likawa la kijivu; nikarudi nyuma, juani, likawa la fedha. Gari lilikuwa moja.

Wakati huohuo getini akaingia kijana mwenye jezi ya mpira, simu sikioni, na mfukoni mwangu simu ikaanza kuimba pambio kwa sauti kubwa. Ni Bonny, sikuwa nimewahi kumwona sura. Kasimu akaninong'oneza, "Mzee, yule ndiye dalali wa mpinzani wetu. Tulia, leo tunammaliza." Simu inaimba. Bonny akashusha simu yake, pambio likakata. Akapiga tena, pambio likaanza. Akaja polepole akifuata wimbo, mpaka akafika mbele yangu, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Mwalimu Daudi?" akauliza.

"Mwalimu gani?" Kasimu akamjibu. "Huyu ni Mzee Sanga wa mbao."

"Mbona simu yangu inaita mfukoni kwake?"

Nilivua kofia, sijui nilidhani itasaidia nini. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anapiga mswaki akautoa mdomoni ili asikie vizuri. Bwana Sefu akaweka kikombe chini, akahesabu kwa vidole, Sanga, Daudi, akanitazama, akasema, "Subhanallah. Kwa hiyo mzee wangu wiki nzima ulikuwa unagombana na nani?" Yadi nzima ikaanguka kicheko. Mama mmoja wa ndizi alikaa kabisa chini.

Ningefurahi ingeishia hapo. Ila mlango wa ofisi ukafunguka, na aliyetoka ni Mwalimu Enesia. Huyu ni mama wa usharika wetu, mwalimu mstaafu, alinifundisha darasa la nne, anaishi nyumba ya sita kutoka kwangu. Akaniona, uso ukamng'aa.

"Kamwene, Ezekia! Nani kakuambia mwanangu? Nimeambiwa wateja wawili wanashindana, nikawa nawaza kama Ezekia angekuwepo angetunadia hili gari, na kumbe Mungu kakuleta!"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Mwanae alihamishwa kikazi Dar, akamwachia mama gari hilo aliuze, naye mama akaliweka kwa Bwana Sefu kwa sababu Makambako watu wengi wanapita. Nikamwambia ukweli, mbele ya wote, kwamba wateja wote wawili ni mimi. Ilibidi nirudie mara mbili. Mwalimu Enesia akasema taratibu, "Lakini Ezekia, lilitangazwa kanisani Jumapili tatu. Kwa msharika, milioni kumi na saba, bila dalali." Na mimi sikusikia hata Jumapili moja, maana matangazo yakianza huwa nimeshatoka nje kupanga mayai na maboga. "Hata mkeo nilimwuliza kama mnahitaji. Akasema umemkataza kuyazungumza."

Nikajikaza nikaomba anirudishe kwenye kumi na saba. Akatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu ukikosea hesabu ubaoni. "Nikuulize. Ukinadi jogoo, mtu akataja elfu arobaini, halafu akasema amekosea, unamrudishia?"

"Simrudishii, mwalimu."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia bei ikishatoka mdomoni ni ya Bwana."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Yeye alikuwa anatania, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa anasubiri nibembeleze kidogo tu ashushe. Na hata kama hakutania, ningeweza kuondoka, hakuna aliyenifunga kamba. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaona mnadi wa usharika hawezi kuonekana anakimbia bei yake mwenyewe, nikasema kwa sauti, "Nalipa." Nikalipa kumi na tisa na nusu. Kasimu na Bonny kila mmoja akadai laki mbili zake, na walikuwa na haki, kila mmoja alileta mteja. Kwa hiyo hela ya ada ya mke wangu niliinunulia heshima yangu, na heshima yenyewe ilikuwa imeshaondoka tangu pambio la kwanza.

Nilifika nyumbani mchana, gari linakwenda vizuri tu. Neema alitoka, akalizunguka, akasema zuri. Kisha akauliza, "Imebaki ngapi?" Nikamwambia laki moja. Nikamsimulia yote, sikuficha hata kofia. Alicheka. Nilipofika pale Mzee Sanga anapomwonea Mwalimu Daudi alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, nikadhani basi yameisha. Halafu kicheko chake kikapungua, kikaisha, akaingia ndani, nikamwona anakunja ile barua ya chuo na kuiweka chini ya vitambaa vya meza, kabatini. Niliaibika pale kuliko yadini, na nilikuwa peke yangu.

Kanisani walinitania miezi, nikinadi mtu anapaza sauti, "Mzee Sanga anaongeza!" na mwingine anajibu, "Mwalimu Daudi hakubali!" Nilivumilia, niliyataka mwenyewe. Neema alivaa sare yake ileile mwaka mzima zaidi, akawapisha wenzake aliowazidi uzoefu wakatangulia kusoma, na mimi nikauza miche kijiji kwa kijiji na gari lile mpaka ada ikatimia.

Siku ya kumpeleka chuoni tuliingia wote kwa mhasibu. Yule dada akafungua kitabu, akataja ada, na mimi, wallahi sijui ni nini, nikakohoa nikaanza, "Sasa dada yangu, chuo cha jirani nimesikia..." Neema akanikanyaga mguu chini ya meza, akakanyaga kwelikweli, huku anamtazama mhasibu na kutabasamu.

"Jina la mlipaji?" dada akauliza.

"Ezekia," nikasema, nikalipa kama ilivyotajwa.