Maganda ya Pamba na Moto wa Shikome

Nilisoma hadi la tatu tu, kwa hiyo nikipotea njia humu mnivumilie. Nataka kumsifu mzee mmoja aliyechochea boila kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, upande wa Mhunze, miaka ile dizeli ilipoadimika tukawa tunaenda kazini kwa miguu. Viatu vyangu vilikuwa vya tairi la gari, vilidumu kuliko hivi vya siku hizi. Tuyaache hayo.

Mafuta ya pamba tulipikia, tukawashia vibatari, hata trekta moja lilinyweshwa, likakohoa, likaenda. Lakini injini ya kukamulia iliyakataa, ikanyamaza. Meneja akaamuru boila la zamani lifufuliwe, lichome maganda ya mbegu. Tulikuwa tukiyatupa nyuma ya kiwanda, yamekuwa kilima, mbuzi wanalala juu yake.

"Jumamosi saa nane mchana mvuke usipopanda," akamwambia mzee, "nenda kachunge ng'ombe. Beleshi nampa huyu."

Huyu ndiye mimi. Sifichi, nilifurahi.

Siku tatu tuliyashindilia maganda tanurini kama kuni, tukayachokoa kwa chuma, yakatoa moshi tu. Mpakiaji mmoja wa magunia akamtania: "Babu, unakausha samaki humo?"

"Nakufukiza wewe, mchawi!"

Jumamosi asubuhi mzee alikaa chini mbele ya tanuri, akautazama moshi. Halafu akacheka. "Wajinga sisi! Samadi ya shikome mnaishindilia hivi?"

Shikome ni moto wetu Wasukuma, karibu na zizi, wanaume wanapoota na kula jioni. Unachoma samadi kavu, unaiongeza kidogo kidogo. Wote tulilelewa kwenye moto huo, na hakuna aliyeukumbuka, maana hili lilikuwa dude la chuma.

Akawasha vijiti, akawa anarusha maganda machache machache, akiyatawanya kama anayemwagia kuku mtama. Yakashika moto hewani. Mshale wa geji ya mvuke ukatikisika, ukapanda. Saa nane haijafika, mashine zikanguruma, na taa ya ofisini, iliyolala miezi, ikawaka mchana kweupe.

Meneja akampa mkono. Mimi nikamwamkia upya, kwa aibu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulilitaka beleshi langu?"

"Nililitaka."

"Haya, shika, nikufundishe. Ila ukilijaza, nakufukuza mimi, siyo meneja."